Wavu na blaindi katika fremu moja: jinsi ya kuchagua kwa madirisha ya nyumbani

Chumba cha kulala kinataka giza na hewa kwa saa ileile. Usiku dirisha linafunguliwa ili joto litoke, taa ya ndani inaita wadudu wa kila namna, na aliye nje anaona mpaka kitandani. Ukishusha blaindi (pazia la kupandisha na kushusha), hewa inakatika. Ukiipandisha, mwanga wa nje unaingia. Vifaa vinavyounganisha wavu wa wadudu na blaindi vinauzwa kana kwamba vyote vinamaliza tatizo hilo, lakini si kweli. Vingine vinakupa vitu viwili kwa zamu, vingine kwa pamoja, na tofauti hiyo ndiyo ya kuiangalia kabla ya rangi, chapa au bei.

Kuna mifumo mitatu.

Wa kwanza ni uliofungamana. Wavu unashuka kutoka juu, blaindi inapanda kutoka chini, na vyote vinakutana kwenye upau mmoja wenye mshikio. Ukisukuma upau juu, blaindi inaongezeka na wavu unapungua. Ukivuta chini, kinyume chake. Popote upau uliposimama, dirisha zima limefunikwa, na huo ndio uzuri wake. Ubaya ni kwamba kila sentimita ya giza inakula sentimita ya hewa. Mfumo huu uko sana kwenye madirisha ya magari yaliyofanywa nyumba na kwenye vifaa vya kukunjamana mithili ya kinanda cha mkono. Unafaa sebuleni na ofisi ya nyumbani, mahali ambapo unahitaji kuficha nusu ya chini tu huku hewa ikipita juu. Unatoshea sehemu nyembamba kuliko mifumo mingine yote.

Wa pili una roli mbili (mirija ambayo wavu na blaindi hujiviringisha juu yake) zinazojitegemea ndani ya kasha moja, kila moja na reli yake. Unaweza kuvuta wavu mpaka chini, kisha ukashusha blaindi kiasi unachotaka mbele yake. Watu wengi hudhani wananunua huu na kumbe wameletewa wa kwanza. Muulize muuzaji swali moja: je, wavu na blaindi vinaweza kufunika dirisha zima kwa wakati mmoja? Akijibu "upau unakwenda juu na chini", umepewa wa kwanza.

Wa tatu si kifaa kimoja bali ni viwili: fremu ya wavu upande mmoja wa dirisha na blaindi ya kawaida upande wa pili. Hauna mvuto kwenye picha za dukani, lakini kwa dirisha linalofunguka kwa ndani, na kwa ukuta usio na kina cha kutosha, mara nyingi ndio bora. Kimoja kikiharibika, kingine kinaendelea na kazi.

Jambo la kukubali mapema: blaindi ya giza kamili yenye reli za brashi pembeni, ikifungwa mpaka chini, huzuia karibu hewa yote hata kama wavu uko nyuma yake. Anayetaka giza na hewa kwa pamoja ana njia mbili. Asimamishe blaindi sentimita 10 hadi 15 juu ya kizingiti na kuacha wavu peke yake hapo chini, au atumie blaindi ya mabamba yanayozungushwa badala ya kitambaa. Mabamba yakiinamishwa kiasi cha nyuzi 45, upande wa juu ukielekea chumbani, macho ya nje hayapiti, hewa inapita, na mwanga mwingi unabaki nje. Chagua yenye waya za kuongoza zilizofungwa juu na chini, la sivyo upepo utayagonganisha usiku kucha.

Dirisha linafungukaje?

Hapa ndipo maagizo mengi huharibikia. Wavu hauwezi kukaa upande ambao kioo kinafungukia.

Dirisha linalofunguka kwa nje kwa bawaba: wavu unakaa ndani. Basi kila unapotaka kushika komeo ni lazima wavu ufunguke kirahisi, kwa hiyo wavu wa roli au wa kukunja unafaa, na fremu iliyokazwa kwa skrubu haifai kabisa. Angalia pia komeo linachomoza kiasi gani. Makomeo mengi huchomoza mm 40 hadi 70 kutoka kwenye fremu, na wavu ukipita karibu nalo utasuguliwa mahali palepale mpaka utoboke.

Dirisha linalofunguka kwa ndani: wavu unakaa nje, blaindi inakaa kwenye kioo chenyewe au ukutani juu ya dirisha. Ukiweka blaindi ndani ya uwazi wa dirisha (nafasi ya ukutani ambamo dirisha limekaa), kioo hakitafunguka mpaka uipandishe yote, na kasha lenyewe linaweza kukizuia. Pima nafasi iliyopo kati ya ukingo wa juu wa kioo na dari ya uwazi. Kama ni mm 30 na kasha lina kimo cha mm 46, usiendelee na mpango huo.

Dirisha la kuteleza: wavu unaweza kukaa ndani au nje. Ukiwa ni wavu nusu, unaofunika upande mmoja tu na kuteleza kwenye mfereji wake wa nje, kuna mtego. Kati ya vioo viwili kuna brashi inayoziba mwanya pale tu fremu zake zinapolingana. Ukifungua kioo robo tu, fremu hizo haziko tena sambamba, na unabaki mwanya wima baina ya kioo na kioo ambao mbu wanaupita bila kugusa wavu. Kwa hiyo fungua kioo mpaka mwisho au usifungue. Wavu wa roli unaofunika uwazi wote hauna shida hiyo.

Dirisha la luva: wavu unakaa ndani, na mkono wa kuzungushia vioo ndio unaoamua umbali wake. Zungusha vioo mpaka mwisho pande zote mbili na upime pale mkono unapochomoza zaidi. Baadhi ya luva, ncha za vioo nazo huingia ndani zikiwa wazi. Pima na hizo.

Dirisha la kwenye paa, linalozunguka katikati: blaindi hufungwa kwenye fremu inayozunguka, wavu hufungwa kwenye ukuta wa ndani wa uwazi ili kioo kiweze kuzunguka. Usikubali kifaa kimoja kinachodai kubeba vyote viwili kwenye kioo, maana kioo kikizunguka wavu unaondoka nacho na kuacha uwazi.

Kama dirisha lina grili, pima kutoka kwenye chuma cha grili kilicho karibu zaidi. Mapambo ya grili huchomoza kuliko nondo zake, na fundi anayepima kutoka kwenye nondo hurudi baadaye na msumeno.

Wavu wenyewe

Wavu hutajwa kwa idadi ya nyuzi ndani ya inchi moja, kwa mfano 18 kwa 16. Namba hiyo haitoshi bila unene wa uzi. Hesabu ni nyepesi: inchi ni mm 25.4, gawanya kwa nyuzi 18 upate mm 1.41, toa unene wa uzi, kwa kawaida mm 0.28 kwa wavu wa faibaglasi, na tundu linabaki mm 1.13. Upande wa pili, wa nyuzi 16, tundu ni mm 1.31. Wavu huo unazuia mbu na nzi, na sehemu iliyo wazi kwa hewa ni kama asilimia 66.

Usubi na inzi wa mchangani ni habari nyingine. Wanapita kwenye wavu wa mbu kana kwamba haupo. Kwa hao unahitaji tundu la karibu mm 0.6, na hapo gharama ni hewa: uzi ukiwa wa mm 0.2, sehemu iliyo wazi inashuka hadi asilimia 56, na upepo mwepesi unapungua kuliko namba hiyo inavyoonyesha, kwa sababu hewa husuguana na nyuzi nyingi zaidi. Usinunue wavu mwembamba wa tundu "kwa usalama zaidi" kama mdudu wako ni mbu tu. Utakuwa umelipia joto.

Faibaglasi iliyopakwa plastiki ndiyo ya kawaida kwa wavu wa roli: haipati kutu, inazunguka vizuri kwenye roli, haibaki na alama ikikunjwa. Haivumilii makucha ya paka. Poliesta nene hustahimili wanyama, lakini ni nzito na inatia giza. Kwenye roli huongeza unene wa msokoto mpaka kasha dogo lisifunge. Wavu wa alumini ukibonyea unabaki umebonyea, hivyo ni wa fremu isiyosogea tu. Chuma cha pua ndicho kigumu kuliko vyote, nacho pia ni cha fremu. Karibu na bahari dai daraja la 316 badala ya 304, na hakikisha chuma hicho hakigusi fremu ya alumini moja kwa moja, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi alumini ndiyo inayolika. Wavu wa kukunjamana huwa wa poliesta au polipropilini, na polipropilini isiyo na kinga dhidi ya jua kali hukauka na kupasuka kwenye mikunjo.

Kuhusu rangi, chukua nyeusi au kijivu cha mkaa. Wavu mweupe hurudisha mwanga machoni na unaona wavu badala ya kilicho nje. Watu huchagua mweupe ili ufanane na fremu, halafu hawaelewi kwa nini dirisha limekuwa kama lina ukungu.

Kitambaa cha blaindi

Vipo vya aina tatu kwa matumizi: cha giza kamili, cha kupunguza mwanga, na cha matundu madogo kinachopimwa kwa asilimia ya uwazi, kwa kawaida 1, 3, 5 au 10. Cha asilimia 5 kinazuia sehemu kubwa ya jua na bado unaona nje mchana. Usiku mambo yanageuka: ukiwasha taa ndani, wa nje ndiye anayekuona. Kwa hiyo kitambaa cha matundu hakitoshi chumba cha kulala wala bafu, hata muuzaji akisema nini.

Giza kamili halitoki kwenye kitambaa peke yake. Kitambaa kisichopitisha mwanga hata chembe, kikining'inia bila reli za pembeni, huacha mistari miwili ya mwanga, mmoja kila upande, inayotosha kumwamsha mtu. Mfumo wenye wavu una faida hapa: reli zinazoshika wavu huweza kushika na blaindi. Dai reli yenye mifereji miwili, kila mfereji na brashi yake.

Kwa joto, mahali blaindi inapokaa ni muhimu kuliko rangi yake. Blaindi iliyo nje ya kioo inakutana na jua kabla halijaingia. Iliyo ndani inakutana nalo likiwa limeshapita, na joto lililofyonzwa linabaki chumbani. Kama ni lazima ikae ndani, upande unaotazama kioo uwe mweupe au wa rangi ya fedha ili urudishe sehemu ya mwanga nje. Tena usiibanze kwenye kioo. Blaindi nyeusi iliyofungwa kabisa karibu na kioo chenye jua kali hukusanya joto baina yao. Kioo cha akriliki kinaweza kujipinda, na kioo cha tabaka mbili kinaweza kupasuka kutokana na tofauti ya joto kati ya katikati na kingo zake. Acha sentimita 5 kutoka kwenye kioo, na mchana wa jua acha mwanya mdogo juu au chini.

Jikoni na bafuni epuka kitambaa cha kukunjamana. Mafuta na mvuke hukaa kwenye mikunjo, na mikunjo haisuguliki. Kitambaa laini cha roli kilichopakwa vinyili kinafutika.

Kupima

Amua kwanza: kifaa kinaingia ndani ya uwazi wa dirisha, au kinakaa juu ya ukuta na kuuzunguka uwazi? Ndani ni pazuri kwa macho, lakini panadai kuta zilizonyooka. Nje husamehe makosa.

Kwa ndani, pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, na uchukue ulio mdogo kuliko yote. Kimo nacho pima mahali patatu, kushoto, katikati na kulia. Kisha pima mishazari miwili kutoka kona hadi kona. Ikitofautiana kwa zaidi ya mm 5, uwazi haujanyooka na reli hazitakaa sambamba. Hamia nje ya uwazi, au nyoosha plasta kwanza. Tuseme umepata upana wa mm 1182, 1178 na 1180. Unashika 1178, unatoa mm 2 au 3 za kuingizia, unaagiza 1175. Lakini kabla ya kutoa chochote, uliza kama kiwanda kinataka kipimo cha uwazi au cha kifaa kilichokamilika. Wengine hutoa wenyewe. Ukitoa wewe na wakatoa wao, kifaa kitakuja na mianya pande zote mbili, na hakuna dawa ya hilo isipokuwa vipande vya kujazia.

Kwa nje ya uwazi, ongeza mm 30 hadi 50 kila upande, na juu ongeza kimo chote cha kasha ili lisikate mwanga blaindi ikiwa imejikunja.

Kina ndicho kinachosahaulika. Kasha la roli moja huwa na kina cha mm 40 hadi 50 hivi. La roli mbili linaweza kufika mm 80 mpaka 120. Chukua kina cha uwazi, toa komeo linavyochomoza, toa mm 10 nyingine kwa sababu wavu hutuna upepo ukivuma. Uwazi wa mm 120 na komeo la mm 55 vinakuachia mm 55. Kasha la roli moja linaingia, la roli mbili halina nafasi. Hapo ndipo mfumo uliofungamana, au ule wa vifaa viwili, unapokuwa jibu bila ubishi.

Angalia pia mipaka ya roli yenye springi. Chini ya upana wa sentimita 40 hadi 50, springi haina urefu wa kutosha kuinua wavu. Zaidi ya mita 1.6, wavu wa kawaida hutuna na kuchomoka kwenye reli upepo ukija. Huko dai wavu ulioshonewa zipu au vishikizo kwenye kingo. Na dirisha refu jembamba, ambalo kimo chake kinapita upana mara tatu, hufanya kitambaa kijiviringe kwa kukimbilia upande mmoja. Kwa dirisha la namna hiyo chukua mfumo unaovutwa kwa ubavu, au fremu isiyosogea.

Kingo ndizo zinazopitisha mbu

Watu hulinganisha nyavu kwa kuzishika dukani, ilhali mbu hapiti katikati ya wavu. Anapita pembeni. Mwanya wa mm 2 chini ya upau unatosha, na wavu wote wa juu unakuwa pambo. Kwa hiyo fedha ikiwa ndogo, punguza kwenye kitambaa, usipunguze kwenye kingo.

Angalia vitu vitatu. Kwenye reli: brashi iwe nene, ijae mfereji, isiwe na sehemu iliyokatika kwenye kona. Kwenye upau wa chini: uwe na brashi au mpira, na ufungwe ama kwa sumaku kwa urefu wote ama kwa vibanio viwili vinavyobofyeka pamoja. Upau wenye kibanio kimoja katikati hupinda pembeni. Kwenye kasha: wavu unapotoka kuwe na brashi ndani, maana wadudu huingia juu, wakapita nyuma ya roli na kushuka chumbani. Hiyo ya tatu hukosekana kwenye vifaa vya bei ya chini, na huioni mpaka uinue kasha na kuchungulia.

Kizingiti kisichonyooka ni adui wa upau ulionyooka. Weka lati (ubao ulionyooka) au pima maji (kifaa cha kupimia usawa) juu yake. Kikiwa na bonde la mm 3 katikati, brashi ya mm 5 italijaza. Bonde la mm 8 halizibiki kwa brashi. Funga kipande cha alumini bapa juu ya kizingiti, ukijazia silikoni chini yake, ndipo upau upate pa kukaa.

Kufunga

Vifaa vya kazi: tepu ya kupimia, pima maji, penseli, drili yenye biti ya mm 6 ya ukuta na ya mm 3 ya alumini, bisibisi, msumeno wa chuma wenye meno madogo, tupa, fisha (plagi za plastiki za ukutani) za mm 6, skrubu za mm 4 kwa 40 za ukuta na skrubu fupi za mm 13 za fremu ya dirisha. Mtu mmoja anaweza dirisha dogo. Kwa upana unaozidi mita moja, tafuta wa kukushikia upande wa pili.

Toa kila kitu kwenye boksi na uhesabu kabla ya kupanda ngazi. Roli yenye springi huja na pini au utepe unaoishikilia. Usiutoe. Springi ikijifungua kabla upau haujaingia kwenye reli, wavu utajikusanya wote ndani ya kasha na itabidi ulifungue.

1. Kata reli. Kimo cha uwazi, toa kimo cha kasha, ongeza ulimi unaoingia kwenye kasha kama upo. Uwazi wa mm 1203 na kasha la mm 46 vinakupa reli ya mm 1157. Kata reli zote mbili kwa pamoja ili zilingane, kisha piga tupa kingo; makali yaliyobaki ndiyo yanayochana wavu.

2. Weka kasha juu, likiwa na reli zake, bila skrubu. Weka pima maji juu ya kasha, kisha kwenye kila reli kwa pande mbili. Kama ukuta umeinama, jaza vipande vya plastiki nyuma ya reli. Usilazimishe reli ifuate ukuta.

3. Weka alama za matundu: la kwanza sentimita 10 kutoka kila mwisho, mengine kila baada ya sentimita 40. Ondoa kifaa, toboa, safisha vumbi ndani ya tundu, ingiza fisha. Vumbi likibaki, fisha huzunguka na skrubu haikazi.

4. Ukifunga kwenye fremu ya dirisha badala ya ukuta, usitoboe sehemu ya chini ya fremu. Ndani yake kuna mfereji wa maji ya mvua, na tundu lako litayaleta ndani. Kwa sababu hiyohiyo usizibe kwa silikoni vitundu vidogo vilivyo nje chini ya fremu. Humo ndimo maji yanamotokea.

5. Kaza kasha, kisha reli, lakini skrubu za reli zisikazwe mpaka mwisho. Toa pini, shusha wavu polepole, upandishe, mara tano. Reli zikiwa karibu mno chini, upau utakwama. Zikiwa mbali mno, utachomoka. Upana kati ya reli uwe sawa juu, katikati na chini, na tofauti isizidi mm 2. Ndipo ukaze.

6. Pitisha silikoni nyembamba kati ya reli na ukuta, upande wa nje. Acha ikauke kama maelezo ya kopo yanavyosema kabla ya kuanza kutumia.

Usiku, washa taa yenye nguvu ndani, shusha wavu, toka nje na utazame kingo kutoka pembeni. Mwanga unaopenya kupitia matundu ya wavu ni hafifu na sawasawa. Mstari mkali wa mwanga ni mwanya. Uzibe usiku huohuo, kabla fundi hajalipwa chote. Bonyeza pia katikati ya wavu kwa kiganja, kiasi cha nguvu ya upepo. Kingo zikichomoka kwenye reli kwa shinikizo hilo, zitachomoka kwenye mvua ya kwanza.

Yanayoharibika, na kwa nini

Wavu hautaki kupanda wote: springi imelegea, au reli zimejaa mchanga. Safisha reli kwanza. Kama bado, toa roli kwenye kasha, ongeza mizunguko miwili ya springi, irudishe na ujaribu. Ukiongeza mingi kwa pupa, wavu utapanda kwa kishindo na kuvunja kofia za pembeni. Ukiwa bado dukani, chukua wenye breki ya kupunguza kasi. Unaongeza gharama kidogo na unaokoa kifaa kizima, hasa nyumba ikiwa na watoto wanaopenda kuachia upau.

Kitambaa kinajiviringa kwa kukimbilia upande mmoja: roli haijalala sawa. Weka pima maji juu ya kasha. Kama lipo sawa, teremsha kitambaa chote na ubandike kipande kifupi cha utepe mwembamba kwenye roli, upande ule ambao kitambaa kinaukimbia. Upande mnene huvuta kitambaa kwake.

Kifaa cha kukunjamana kimeinama upande mmoja: nyuzi zake hazina mvutano sawa. Kila uzi una kifundo au kibano mwishoni. Rekebisha ule wa upande ulioteremka mpaka upau ulale sawa. Uzi ukikatika, usiunge kwa fundo, kwa sababu fundo halipiti kwenye tundu la kitambaa. Badilisha uzi mzima.

Mikunjo imelegea na kitambaa kinaning'inia: kimeachwa kimenyooshwa wiki nyingi. Vifaa vya kukunjamana vikunjwe mara kwa mara ili vikumbuke mikunjo yao. Springi nazo huchoka zikiachwa zimevutwa mwaka mzima.

Hewa imepungua ingawa wavu ni uleule: vumbi limeziba matundu. Tumia brashi laini, kisha sifongo na maji yenye sabuni kidogo, ukiunga mkono wavu kwa kiganja upande wa pili. Acha ukauke kabisa kabla ya kuupandisha; wavu uliojikunja na maji huota ukungu ndani ya kasha. Reli usizitie mafuta. Mafuta hushika mchanga na kuufanya tope. Dawa kavu ya silikoni ya kupuliza inatosha.

Watoto na moto

Wavu hauzuii mtoto kuanguka. Unachomoka kwenye reli kwa uzito mdogo sana, na kwa kuwa unaonekana kama kizuizi, unamfanya mtu asogeze kitanda chini ya dirisha. Penye ghorofa, weka kizuizi cha dirisha chenyewe.

Nyuzi na minyororo ya kuvutia blaindi imewanyonga watoto. Chagua mfumo usio na uzi unaoning'inia, wa springi au wa mshikio. Ikibidi mnyororo uwepo, ukazwe ukutani kwa kishikizo chake, na kiwango cha Ulaya EN 13120 kinataka vifaa hivyo vya usalama viwe angalau sentimita 150 kutoka sakafuni.

Mwisho, dirisha la chumba cha kulala ni mlango wa dharura. Wavu ulio ndani lazima ufunguke kwa mkono mmoja, gizani, bila bisibisi. Mwache kila mwenye kulala chumba hicho ajaribu kuufungua mwenyewe, akiwemo mzee na mtoto mwenye umri wa kuweza. Asiyeweza kuufungua, mbadilishie mshikio au mbadilishie mfumo.